Mchoro kwanza: kwa anayeanza biashara ya bidhaa za wasanii wenye ulemavu

Mteja aliyenunua mkoba kwa huruma harudi kununua wa pili. Ule wa kwanza atautundika nyuma ya mlango, moyo umeridhika kwamba amesaidia, basi. Anayerudi ni yule aliyeupenda: kaona rangi, kaona mchoro ambao hajawahi kuuona kwenye mkoba wa mtu mwingine, na mwezi ujao anakuja na shoga yake kuulizia kama mtandio wa mchoro uleule upo. Nawaambia hivyo vijana wote wanaopita karakana yetu kujifunza: wabunifu wa mavazi, waliosomea masoko, mafundi cherehani, na wale wanaotaka kufungua ukurasa wao wa Instagram wauze mikoba, fulana, daftari na mito yenye michoro ya wasanii wenye ulemavu. Karibu wote huja na maswali mawili: wasanii wanapatikana wapi, na kuprinti ni shilingi ngapi. Yana majibu, lakini yasubiri kidogo.

Kwanza ujue unafanya biashara ipi, maana ziko mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya kazi za mikono. Mtu mwenye ulemavu anashona, anafuma, anachomelea, na kitu unachouza kimetoka mikononi mwake moja kwa moja. Hii Tanzania tunaijua vizuri. Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa karatasi inayotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Ukienda kwenye mgahawa wao utahudumiwa na viziwi. Shanga ya Arusha inayeyusha chupa kuukuu inatoa bilauri na mikufu. Hapahapa Dar, Wonder Workshop ya Msasani wamejijengea jina kwa vyuma chakavu vinavyogeuka wanyama.

Nyingine ni biashara ya michoro. Msanii anachora, wewe unaomba ruhusa ya kuutumia mchoro wake kwenye bidhaa, fundi mwingine anashona, na msanii analipwa mrabaha, yaani fungu lake la bei, kila bidhaa inapouzwa. Kampuni inayotajwa zaidi duniani kwa njia hii ni Heralbony ya Japani. Ilianzishwa mwaka 2018 mjini Morioka, mkoani Iwate, na mapacha wawili, Takaya na Fumito Matsuda, ambao kaka yao mkubwa ana usonji pamoja na ulemavu wa akili. Kabla ya kuanzisha kampuni, ndugu hao walitoa tai. Hawakuprinti michoro juu ya kitambaa cha bei rahisi. Walitaka ifumwe ndani ya hariri yenyewe, na wakaenda kwa mafundi wa tai wa kiwango cha juu kabisa. Angalia mpangilio wa mawazo yao. Mtu mwingine angeanza na kitu cha bei ya chini, akitumaini kwamba habari ya ulemavu itafunika udhaifu wa mshono. Wao walianza na kitu ambacho mtu angekinunua hata asingeambiwa neno lolote kuhusu mchoraji.

Humu nitazungumzia zaidi biashara hii ya pili, kwa sababu ndiyo ninayoifanya na kwa sababu Dar inaihitaji. Msanii anayetumia kiti mwendo akiishi Chanika, kumwambia afike Mikocheni kila siku saa mbili asubuhi ni kumfukuza kwa adabu. Daladala haisimami. Ikisimama, konda anakipigia hesabu kiti kana kwamba ni abiria wawili. Mchoro unachorwa nyumbani, unasafiri kwa bodaboda ndani ya bahasha ngumu yenye kadibodi pande zote mbili, na msanii anabaki na siku yake.

Sasa michoro yenyewe. Usimwambie msanii achore nini. Najua utashawishika, kwa sababu maduka ya zawadi ya Masaki yanataka simba, Mmasai na mbuyu wakati wa machweo, na wewe una kodi ya pango ya kulipa. Lakini simba yuko kwenye kila kibanda kuanzia Mwenge mpaka Slipway, na wa kwako atauzwa kwa bei ya simba wengine. Tuna msanii mmoja mwenye usonji ambaye huchora daladala, na daladala tu: rangi ya ubavu ya kila njia, maandishi ya kioo cha nyuma, dirisha lililozibwa na gazeti, konda aliyening'inia mlangoni. Aliwahi kuja mtu mwenye nia njema akamletea picha za twiga ili apanue wigo. Msanii alimchora twiga ndani ya daladala, kichwa kimetoka juu ya paa, na siku ya pili akaendelea na njia ya Gongo la Mboto. Mikoba ya daladala ndiyo inayomaliza stoku kabla ya mingine yote, na wanunuzi wengi ni watu wa hapahapa mjini, wanaomwonyesha mwenzao: hii si ya Tandika kweli?

Pia mpe mtu muda na vifaa tofauti kabla hujaamua kwamba hana kitu. Judith Scott, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943 akiwa na sindromu ya Down na ukiziwi, alifungiwa kwenye taasisi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1987 alianza kwenda Creative Growth, kituo cha sanaa cha Oakland, California, kilichoanzishwa mwaka 1974. Kwa karibu miaka miwili hakuonyesha hamu na karatasi wala rangi. Alipokutana na nyuzi, akaanza kuvizungushia vitu nyuzi hizo, kuvifunga tabaka juu ya tabaka, hakuacha mpaka alipofariki mwaka 2005, na sanamu zake leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya sanaa Marekani. Kwa hiyo weka mezani penseli za nta, bolpeni, rangi za maji, vipande vya vitenge, nyuzi, udongo. Kisha tulia.

Jambo linalofuata huwa gumu kwa wageni: lazima ujue kukataa. Si kila mchoro wa mtu mwenye ulemavu ni mzuri, kama ambavyo si kila mchoro wa mtu yeyote ni mzuri. Ukipokea kila kitu kwa makofi na tabasamu, msanii atakujua mapema kuliko unavyodhani, na hatakuamini siku utakayomsifu kwa haki. Sema wazi: huu tunauchukua, huu hautakaa vizuri kwenye kitambaa kwa sababu rangi zake zimekaribiana mno, huu sijaupenda lakini ni wako, uendelee nao.

Tukifika kwenye haki, punguza mwendo, kwa sababu hapa ndipo watu wema hugeuka wezi bila kujijua. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, mchoro una ulinzi tangu unapochorwa, na ulinzi huo unadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kununua karatasi hakukupi haki ya kuiprinti kwenye mikoba mia. Hayo ni mambo mawili, yana bei mbili na yanaandikwa mahali pawili. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si sharti la kupata haki, ila kunampa msanii ushahidi siku ya mgogoro, na mimi humsindikiza msanii kusajili kabla hatujatoa sampuli ya kwanza.

Anayedhani nakuza mambo aangalie yaliyotokea kwenye sanaa ya mji wetu huu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Wanafunzi na ndugu zake wakaendeleza, na mpaka leo utawakuta Oysterbay wakichora. Lakini ndege na chui wa mtindo ule wamo kwenye vikombe, sumaku za friji na mashuka, na wachoraji wengi hawaoni senti ya kikombe. Sehemu ya sababu ni kwamba mtindo haulindwi na sheria. Kinacholindwa ni picha mahususi, ya mchoraji fulani. Kwa hiyo picha ya msanii wako iwe na jina lake, tarehe, jina la kazi na nakala iliyohifadhiwa, tangu siku ya kwanza, kabla haijawekwa mtandaoni.

Mkataba uwe kurasa mbili, kwa Kiswahili, na uwe na mambo haya: mchoro upi kwa jina, bidhaa zipi kwa majina (mkoba na mtandio havimaanishi pia kasha la simu), kwa muda gani, msanii analipwa nini na lini, jina lake litaandikwa vipi, na nani anaruhusiwa kubadili nini. Kipengele hicho cha mwisho usikiruke. Kukata pembe ya mchoro ili uenee kwenye mfuko ni kuubadili. Kugeuza bluu kuwa kijani kwa sababu mteja wa hoteli anapenda kijani ni kuubadili. Msanii akikubali, sawa. Asipokubali, tafuta mchoro mwingine. Andika pia namna ya kutoka: msanii akitaka kuondoa mchoro wake, uliokwisha kuprintiwa uuzwe mpaka uishe au mpaka tarehe fulani, na usiprintiwe mwingine.

Je, anayesaini ni nani? Mtu mzima kiziwi, asiyeona, mwenye ualbino au mwenye ulemavu wa viungo anasaini mwenyewe. Usimwite baba yake. Nimeona mikataba ya watu wa miaka thelathini na zaidi iliyosainiwa na shemeji, kwa sababu tu shemeji ndiye aliyekuwa anasikia. Kiziwi aletewe mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani alipwe na wewe, asiwe dada yake msanii aliyepita kusalimia. Asiyeona asomewe mbele ya mtu aliyemchagua, apewe nakala ya nukta nundu kama anaisoma, au sauti iliyorekodiwa kwenye simu yake. Mwenye ualbino ambaye macho yake yana uoni hafifu apewe maandishi makubwa na akae mahali penye mwanga usiomchoma macho.

Kwa mwenye ulemavu wa akili mambo yanataka subira zaidi, lakini hayabadiliki kuwa ya mzazi peke yake. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mkataba huo unamtambua kila mtu kuwa na uwezo wa kisheria, akisaidiwa pale anapohitaji msaada. Sisi huwa tunatengeneza sampuli moja tu, tunampelekea nyumbani, tunaiacha kwake. Kuna wanaoibeba kila mahali, kuna wanaoficha. Mmoja aliurudisha mkoba akiwa amechora upya juu ya ile picha, kwa hasira inayoonekana, hatukuuprinti. Mzazi au mlezi anasaini kama msaidizi, na mtu wa tatu, ama afisa ustawi wa jamii wa kata ama mtu wa chama cha wazazi, anashuhudia.

Na pesa ziende kwenye laini ya msanii mwenyewe. Sisemi kwamba familia ni wezi, nasema familia zina njaa zao. Asiyeona mwenye simu janja inayosoma skrini anajihudumia vizuri. Mwenye kitochi mara nyingi humtajia wakala namba ya siri, na hapo ndipo salio huyeyuka. Saidieni kulitatua hilo kabla ya malipo ya kwanza, hata kama itabidi kufungua akaunti ya benki.

Hesabu sasa. Chukua mkoba wa kanvasi unaouzwa Sh 25,000. Tuseme kitambaa ni Sh 4,000, kuprinti Sh 3,000, ushonaji Sh 2,500, zipu, bitana na lebo Sh 1,500. Jumla Sh 11,000. Mrabaha wa msanii, sisi tunatumia asilimia 10 ya bei ya rejareja, ni Sh 2,500. Ukiuza mwenyewe unabaki na Sh 11,500 za kulipa pango, umeme, nauli, mikoba iliyoharibika na mshahara wako. Unatamka alhamdulillahi. Kisha duka la zawadi linakuambia litaupokea sasa na kukulipa ukishauzwa, na linachukua asilimia 40. Mkononi mwako zinafika Sh 15,000. Toa Sh 11,000, toa Sh 2,500, umebaki na Sh 1,500, na hujapanda bajaji bado.

Hapo ndipo kila mgeni hupata wazo lilelile: tumpunguzie msanii, mrabaha uhesabiwe kwenye kile tunachopokea sisi na si kwenye bei ya rejareja. Usifanye hivyo katikati ya mkataba. Pandisha bei, ondoa bitana, nunua kitambaa kwa rola badala ya mita, au likatae duka. Bei ya rejareja imeandikwa kwenye lebo, msanii anaiona au anasomewa, anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Ile ya jumla mnaijua wewe na mwenye duka tu. Na muulize mhasibu mapema kuhusu kodi ya zuio kwenye mrabaha, ili usije ukamkata msanii kitu ambacho hukumweleza.

Kuprinti. Mchoro wa A4 uskani kwa nukta 600 kwa inchi. Utaweza kuukuza hadi A2 bado ukiwa na nukta 300, na hautakuwa na ukungu. Usipige picha kwa simu chini ya taa ya chumbani, njano yote itageuka. Kama hauingii kwenye skana, upige nje, kivulini, saa nne asubuhi, karatasi nyeupe ikiwa pembeni ili fundi wa grafiki awe na kipimo cha weupe. Fundi huyo naye umwambie kwa herufi kubwa asisafishe. Mafundi wetu wana mkono mwepesi wa kufuta alama za vidole, mistari ya penseli iliyofutwa nusu, nta iliyoruka ukingoni. Hivyo ndivyo vinavyofanya mchoro uwe wa mtu.

Kariakoo utapewa njia tatu. Kuprinti kwa skrini kunataka skrini moja kwa kila rangi, kwa hiyo mchoro wa rangi mbili au tatu ukiwa na oda ya vipande vingi ndio mahali pake. Unadumu kufuliwa kuliko nyingine. DTF inaprintiwa kwenye filamu, inanyunyiziwa unga wa gundi, inabanwa kwa joto, na unaweza kutoa hata fulana moja, rangi zote. Wageni wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini eneo kubwa lililojaa wino halipitishi hewa, na mtu aliyeivaa Februari Posta saa saba mchana anakukumbuka kwa ubaya. Kwa DTF chagua mchoro wa mistari, au wenye nafasi wazi katikati. Sablimesheni ni ya poliesta nyeupe na vikombe vilivyopakwa dawa yake. Atakayekuambia anaiweka kwenye pamba asilia, shukuru uondoke.

Kitambaa cha pamba ukifue kabla ya kukata, maana kikifuliwa kinasinyaa. Kisha printi kipande cha majaribio kwenye kitambaa chenyewe, si kwenye kinachofanana nacho, ukifue mara kadhaa na sabuni ya unga ya kawaida, ukianike juani, ndipo umpelekee msanii akione kando ya karatasi yake.

Kuna kitu kila mtu anakitaka kabla hajakaa sawa: kanga. Naelewa. Mchoro wa msanii ukae kwenye mji, pindo lizunguke, jina liandikwe chini, nani asiyeota? Ila viwanda havichapi doti kumi, vinachapa mzigo, na mzigo usiouzika ni chumba kizima cha nguo zenye panya. Anza na mitandio. Ukishapata wateja wanaorudi, kaa na viwanda.

Kuhusu mikoba, kumbuka kwamba tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mji umejaa mifuko mbadala ya bei ya chini sana. Hushindani nayo. Wa kwako uwe mzito, mishono ya mkanda iwe miwili yenye msalaba, uwe na mfuko wa ndani wenye zipu wa kuwekea simu, kwa sababu mwenye nao atapanda mwendokasi ya Kimara jioni, na mwendokasi ya Kimara jioni inajulikana.

Lebo: jina la msanii liwe la kwanza na kubwa, jina la mchoro, kitambaa, namna ya kufua. Habari ya ulemavu wake iwepo kama anataka iwepo, kwa maneno aliyoyakubali. Wapo wanaotaka, wanasema watu wajue kwamba kiziwi ndiye aliyefanya hii. Wapo wasiotaka kabisa. Ukiweka nukta nundu kwenye lebo ziwe zimeinuka kweli, zisomeke kwa kidole, na azikague msomaji asiyeona. Nimeshika lebo za nukta zilizoprintiwa bapa, mapambo matupu. Mteja akikuuliza dukani "ana tatizo gani huyu?", mweleze mchoro: alitumia bolpeni tatu, alichora kwa wiki nzima, ile nukta nyekundu ni taa ya Ubungo. Wengi husahau walichouliza.

Wasanii utawapata kwenye vyama. SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na chini yake kuna CHAVITA ya viziwi na vyama vingine. Ukifika jitambulishe kwa viongozi, eleza unacholipa, acha namba, rudi. Nafasi Art Space pale Mikocheni pia ni mahali pa kukutana na wasanii wa kila aina. Shuleni usiende kukusanya michoro ya watoto kama anayechuma maembe ya jirani. Ya watoto inahitaji mzazi, shule, na sababu nzuri kuliko biashara yako.

Ukipangisha fremu, angalia ngazi na choo kabla ya kuangalia barabara. Fremu za ghorofa ya pili Kariakoo zina bei nzuri, na nusu ya wasanii wako hawatakaa waone kazi zao zimetundikwa. Kwa maonesho ya nje, Sabasaba kwa mfano, msanii mwenye ualbino asikae banda linaloangalia jua la mchana. Bajeti ya banda iwe na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta hayo mahususi kwa watu wenye ualbino, yanaitwa Kilisun.

Wakati wa oda kubwa ni Novemba, kampuni zinapokumbuka kwamba tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Watapiga simu tarehe 20 wakitaka mikoba mia mbili yenye nembo yao. Kubali kwa malipo ya awali ya nusu, nembo yao ikae ndani au kwenye lebo, isikae juu ya mchoro, na tarehe ya kukabidhi iwe ile ambayo msanii na fundi wanaiweza. Kuna bosi atakayekuambia kwamba kwa kununua mikoba kampuni imetimiza wajibu wake. Mwambie taratibu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu, na mkoba hauhesabiki humo. Mimi nimelisema hilo mara kadhaa, na oda haikuwahi kufutwa.

Mtaji: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile ya 2 ni yao. Kikundi kiwe chao kweli, na saini za benki ziwe zao. Wewe usijipachike kama mwenyekiti wa heshima.

Limebaki daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kazi hii mali ni ya mtu mwingine. Kila miezi mitatu kila msanii apate taarifa kwa njia anayoisoma au kuisikia, yaani ujumbe, sauti, video ya lugha ya alama au karatasi yenye picha za mikoba na idadi: vimeuzwa vingapi, wapi, kwa bei gani, mrabaha kiasi gani, umetumwa lini. Miezi mitatu ikipita bila kuuzwa hata kimoja, taarifa itumwe hivyohivyo ikiwa na sifuri, ikieleza vipande vilivyobaki viko duka gani, na lini bodaboda itamrudishia karatasi yake halisi.